Kipofu Aliyekwenda Bujumbura

Mkono ulionishika ulikuwa na bangili tatu, na nilizitambua kwa mlio wake kabla sijasikia sauti.

"Simama, mzee," sauti ikasema. "Wewe ndiye ninayekutafuta."

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nitasema kwa pumzi moja. Mimi ni Nasiri, fundi cherehani wa Nyamirambo. Kiangazi kile cha mwaka 1991 alitujia bwana mmoja anaitwa Théoneste, Mnyarwanda mwenzetu aliyesomea sinema Ubelgiji, akitaka kutengeneza filamu ya maisha ya ombaomba na wachuuzi wa Kigali. Alinipa kazi ya kushona matambara ya waigizaji. Nikayashona na pindo, na vifungo, na mfuko wa ndani. Alipoyaona nusura alie. "Fundi! Nimekuomba matambara, umeniletea suti ya kuombea!"

Kisha mwigizaji wake, aliyekuwa acheze kipofu, akaangushwa na malaria siku ya kwanza. Matambara yalinikaa mimi kama niliyejipimia. Nikakubali.

Sikukubali kwa njaa. Nilikubali kwa sababu nilitaka watu wanione ukutani, uso wangu mkubwa kama mlango. Nimeshaungama, naungama tena.

Shida ilikuwa Bi Mukashema. Huyo ndiye shangazi aliyemlea Mutoni, binti niliyempelekea posa, na mambo ya sinema hataki hata kuyasikia. Kwa hiyo nilimwambia nakwenda Bujumbura wiki nzima kununua vitambaa. Nikaenda kuketi mlangoni mwa msikiti, mwendo wa dakika kumi kutoka kwake, macho yamebandikwa kwa gundi, kidevu kimejaa ndevu za mbuzi, bakuli mapajani.

Na sasa bangili za Bi Mukashema zilikuwa juu ya kiwiko changu.

"Unanitafuta mimi, mama?" nilisema kwa sauti ya puani.

Sauti hiyo nilifundishwa na Habimana, kipofu wa kweli, mwenye mahali pale mlangoni. Alikuwa ameiazimisha filamu nafasi yake kwa siku tano. "Usitazame chini," alinifunza. "Kipofu anasikia na shingo."

Basi nikasikia kwa shingo.

"Nina nadhiri," akasema Bi Mukashema. "Nilisema nitamlisha kipofu kwa mkono wangu leo Alhamisi. Chakula kiko motoni. Twende."

Ningesema nini? Kipofu wa wapi anakataa wali?

Tukaondoka. Nyuma yetu nikasikia gurudumu likilia nyii, nyii, nyii. Hiyo ilikuwa toroli ya Théoneste.

Niwaeleze toroli. Théoneste hakutaka watu wajue wanapigwa picha. Alisema mtu akiiona kamera, uso wake unakuwa uongo. Basi kamera aliificha ndani ya sanduku, sanduku akaliweka kwenye toroli, juu yake akapanga kabichi, na mwenyewe akavaa koti la mchuuzi. Siku nne alizunguka Nyamirambo na kabichi zilezile.

Ila siku hiyo alilazimika kunifuata barabara nzima, saa ya watu kununua mboga.

"We wa kabichi! Iko bei gani?" mwanamke mmoja akamwita.

"Haziuzwi, mama."

"Haiuzwi? Sasa unaitembeza kwenda wapi? Hospitari?"

"Ni... za maonyesho."

"Jamani, mukuje! Huyu iko na kabichi ya maonyesho!"

Wakamzunguka. Nikasikia ndala zikikimbia kutoka kila upande. Lazima mtu alishika kabichi ya juu, ile inayofunika jicho la kamera, kwa sababu Théoneste alipayuka neno lake la kazini, neno la Kifaransa la kusimamisha picha:

"Coupez! Coupez!"

Sikio la Nyamirambo likasikia lilivyozoea.

"Kupe? Kabichi yake iko na kupe!"

"Mana yanjye! Kupe!"

Kabichi zikadondoka. Ndala zikatawanyika kama kuku walioona mwewe. Mtu mmoja alikuwa anajipangusa mikono akilia. Mimi nilijing'ata ulimi, machozi ya kicheko yakatafuta njia chini ya gundi yakaikosa.

"Watu hawa!" akasema Bi Mukashema. "Kupe anakaa kwa ng'ombe, atakaaje kwa kabichi?" Kisha akageuka, bangili zikalia. "Wewe kijana, wamekuonea. Njoo nayo nyumbani kwangu, nitachukua mbili za mgeni wangu."

"Yego, mama!" akajibu Théoneste, kwa sauti ya mtu aliyefunguliwa mlango wa peponi.

Nyii, nyii, nyii. Yule shangazi asiyetaka kusikia sinema ndiye aliyeiingiza uani kwake kwa mkono wake mwenyewe.

*

"Mutoni! Leta maji, mgeni anawe!"

Nilikalishwa mkekani, pale pale uani. Nikasikia nyayo nyepesi, kisha harufu ya sabuni niliyoijua kuliko harufu ya cherehani yangu. Maji yakaanza kumiminika mikononi mwangu.

Kisha yakasimama.

Alikuwa ameushika mkono wangu wa kushoto. Kidole gumba chake kikapita juu ya ncha ya kidole changu cha shahada, pale sindano ilipopita miaka saba iliyopita ikaacha kovu.

Maji yakaendelea. Yalikuja mengi, yakanilowesha hadi mapajani.

"Pole, mzee," Mutoni akasema kwa sauti. Halafu akainama, pumzi yake sikioni mwangu. "Bujumbura kukoje?"

Nilitaka ardhi inimeze, na papo hapo nilitaka kucheka mpaka nifie pale.

"Joto," nikanong'ona.

Akanifinya. Mfinyo ule nina alama yake hadi leo.

Wali ukaja, na mchuzi, na kabichi iliyokaangwa haraka. Bi Mukashema alinilisha kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, kama alivyoahidi. Mutoni alikaa upande wa pili akiniuliza maswali kwa upole wa sumu.

"Mzee, ulizaliwa hivyo, au yalikupata ukubwani?"

"Ukubwani, binti yangu."

"Masikini. Ulikuwa unafanya kazi gani ulipokuwa unaona?"

"Kazi... ya mikono."

"Na mke je? Unaye?"

"Natafuta, binti yangu."

"Mutoni!" akakaripia shangazi. "Mwache mzee ale." Kisha akavuta mkeka, akanisogelea. "Mzee, sasa nikuambie kwa nini nimekuita."

Nikasimamisha shingo.

"Huyu ni binti wa kaka yangu. Kaka alifariki mtoto akiwa na meno ya maziwa, nikabaki naye. Sasa amekuja kijana kuposa. Fundi. Kabla sijamjibu, niliapa kumlisha kipofu, aniombee dua, kwa sababu dua ya asiyeona haizuiwi njiani. Baada ya dua yako, moyo wangu utakachosema ndicho nitakachofanya."

Mnaelewa? Jibu la posa yangu lilikuwa linasubiri dua yangu!

Mtu mwema angesimama pale pale na kusema ukweli. Mimi niliuliza: "Huyo fundi, ana tabia gani?"

Mutoni akakohoa.

"Mzuri," akasema Bi Mukashema. "Anaswali. Anasalimia watu. Kazi yake safi." Nikaanza kuvimba ndani ya matambara. "Lakini anapenda kutazamwa, mzee. Akijishonea shati jipya, atapita nalo barabarani mara tatu, hana anakokwenda. Sasa mtu wa hivyo, mke akilala mgonjwa ndani, hakuna wa kumsifu, atakaa kando ya kitanda?"

Nikameza tonge bila kutafuna.

Bi Mukashema akashusha sauti.

"Mimi nilikuwa na mume wa namna hiyo. Nilipoharibikiwa na mimba nilikuwa katika chumba hicho hapo, siku tatu. Yeye alikuwa kwenye dansi, na suruali mpya. Sijamwambia mtu. Hata huyu mtoto sijamwambia. Nakuambia wewe kwa sababu hunioni nikilia."

Na kweli alikuwa analia. Mutoni aliacha kukohoa.

Nyuma yetu, karibu na dirisha, kitu kilikuwa kinanguruma kidogo kidogo, kama nyuki ndani ya chupa. Niliijua sauti ile. Kamera ilikuwa inapiga picha.

"Niombee, mzee," akasema.

Nikainua mikono. Naapa nilikusudia kuomba kwa unyenyekevu. Lakini nikishaanza jambo mbele ya kamera, sijui ni shetani gani hunipanda.

"Ewe Mola! Mwangalie mama huyu, umfute machozi. Mwangalie binti huyu, mwenye mikono laini." Mutoni akaguna. "Na mwangalie fundi huyo, kijana wa sura nzuri..."

"Mzee ameijuaje sura yake?" akauliza Mutoni.

"Nimeisikia! Mjalie, Mola, ampate anayempenda. Yafanye maneno ya mahari yawe mepesi, yasizidi nguvu za fundi. Ikiwezekana, Mola, iwe kabla ya mvua za Septemba..."

"Amina," akasema Bi Mukashema, bado akilia. "Amina, mzee. Moyo wangu unafunguka. Naona kama..."

"Hodi! Chakula iko?"

Ilikuwa sauti ya mlangoni. Ilikuwa sauti ya Habimana.

*

"Habimana?" Bi Mukashema akasimama. "Wewe tena?"

"Ulisema nikuje leo baada ya azuhuri, kwa mambo ya nadhiri. Nimekuja." Fimbo yake ikagonga kizingiti. "Nasikia harufu ya wari. Mumeanza bila miye?"

"Nilikufuata msikitini nikamkuta mzee huyu mahali pako! Nikadhani amekupokea zamu."

"Mahari yangu ya musikitini nimeazimisha watu."

"Sasa nadhiri moja, vipofu wawili?"

Nikasikia Habimana akikaa mbele yangu, magoti yake yakagusa yangu.

"Mwambie aseme kitu."

Nikajifanya bado natafuna.

"Mzee," akasema Mutoni, msaliti, asali midomoni, "mwenzako anataka kukusikia."

Nikakohoa tu. Ilitosha.

"Aaah," akasema Habimana. "Huyu? Huyu ni mwanafunzi yangu."

"Ombaomba wana shule?" akashangaa Bi Mukashema.

"Iko. Ni ngumu sana. Huyu alianza juzi tu. Mutu akipita, bado anageuza kichwa kuona kama anaonwa."

"Juzi! Amepofuka juzi? Masikini ya Mungu! Kwa ugonjwa gani?"

"Ugonjwa mupya," akasema Habimana taratibu. "Umekuja na ndege. Kutoka Ubelgiji."

Mutoni akakimbilia jikoni. Tulisikia akiangua kicheko ndani ya sufuria.

Bi Mukashema hakusikia mzaha. Alikuwa mwenyeji mwenye wageni wawili na mboga ya mmoja. "Kaa, Habimana, nadhiri haipungui kwa kuzidi. Nachukua kabichi nyingine."

Bangili zikaenda kuelekea dirishani. Nikamsikia Théoneste akisema haraka, "Hiyo hapana, mama, chukua ya chini, ile ya juu ina..."

Halafu yowe.

"Kabichi ina jicho! Mutoni! Kabichi inanitazama!"

*

Hapo ndipo niliposimama. Si kwa ushujaa. Miguu ilisimama yenyewe.

"Shangazi," nikasema kwa sauti yangu. "Hiyo ni kamera. Wanapiga sinema. Na mimi ni Nasiri."

"Nasiri yuko Bujumbura," akasema Bi Mukashema.

"Hapana, shangazi. Niko hapa."

"Wewe mzee umechanganyikiwa na chakula. Nasiri anaona."

"Naona! Ni macho tu yamebandikwa. Ngoja." Nikavuta kope. Hazikutoka. Gundi ya asubuhi, na jua, na machozi ya kicheko, vilikuwa vimeshikana vikawa saruji. Nikavuta tena. "Hayafumbuki."

"La ilaha illallah!" akapiga kelele Bi Mukashema. "Ni Nasiri kweli! Amejifanya kipofu, na Mungu amempofusha!"

"Ni gundi, shangazi!"

"Ni adhabu!"

Nikaogopa kweli. Nikajikwaa kwenye ndoo, nikakanyaga sahani, nikakumbatia nguzo nikidhani ni mlango. Ndevu za mbuzi ziling'oka nusu. Mikono ya Mutoni ikanikamata, ikanikalisha, ikanipaka mafuta ya mawese juu ya kope zote mbili, bila huruma.

"Tulia, sha," akasema. "Umeona Bujumbura, sasa utaona nyumbani."

Jicho la kulia likafunguka. Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa uso wake, mwekundu kwa kucheka na kwa kulia, sikuweza kujua kipi kilitangulia. Kitu cha pili kilikuwa Bi Mukashema, amesimama na kabichi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

Hakuwa anapiga kelele tena.

"Ulinisikia," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Yote."

"Yote."

"Na hicho kisanduku? Nacho kilisikia?"

Théoneste akavua kofia yake ya uchuuzi. Ni mtu mwema, lakini alipokuwa na furaha ya kazi hakujua kuificha. "Sauti kidogo tu, mama. Lakini picha! Machozi yako yalipata mwanga wa jua. Hakuna mwigizaji anayeweza kufanya vile. Watu Ulaya watalia."

"Watu Ulaya watamlilia mume wangu?"

"Mama, filamu hii inawatetea maskini. Wangejua nina kamera, wangeigiza. Mimi natafuta ukweli."

"Ungebisha hodi," akasema Bi Mukashema. "Ukweli uko ndani, una mlango."

Théoneste akafungua mdomo, lakini Habimana alimtangulia. Alikuwa bado mkekani, uso ameuelekeza juu.

"Bwana. Mimi umenipiga picha siku ngapi, ndani ya hiyo kabichi?"

"Nne."

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa... unaomba. Unatembea. Siku ya pili ulianguka kwenye mtaro."

"Ukaniona naanguka."

"Ndiyo."

"Ukafanya nini?"

Théoneste akaitazama kofia yake.

"Nilijiuliza siku ile," akasema Habimana, "hiyo nyuki inayolia karibu yangu ni nyuki gani, haiumi, haiondoki."

Mimi nilikuwa naitazama kamera. Ndani yake kulikuwa na dua yangu, na shingo yangu, na uso wangu mkubwa kama mlango. Nilijua nilicheza vizuri. Sijawahi kufanya kitu vizuri namna ile, hata gauni la bibi harusi.

Na pembeni ya uso wangu alikuwa Bi Mukashema akilia kwa sababu alidhani haonekani.

Nikaenda kwenye toroli. Théoneste alielewa nilichokusudia, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Nikafungua kifuniko, nikaushika mkanda wa filamu, nikauvuta wote nje juani ili mwanga ufute picha, mita kwa mita, ukanizunguka miguuni kama utumbo wa mbuzi.

Théoneste akakaa juu ya kabichi.

"Labda ni sawa," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Mzee Habimana, ule wa mtaroni pia nitauharibu."

"Ule uache," akasema Habimana. "Ila mwisho uweke na wewe, unanivuta kutoka mtaroni. Nitaanguka tena, hakuna shida. Safari hii nimeulizwa."

Bi Mukashema ndiye aliyeanza kucheka. Ilianza kama kikohozi, ikawa kicheko cha mtu aliyekaa miaka mingi bila kukitumia, kikimpanda na kushuka, hadi akaishika nguzo. Sote tukamfuata. Kabichi ilimponyoka, ikabingirika hadi mlangoni, hakuna aliyeifuata.

"Haya," akasema akijifuta. "Nadhiri yangu imeharibika, dua imeombwa na mwenye posa. Habimana, nipe shauri. Nimjibu nini?"

"Kijana umemusikia," akasema Habimana. "Mimi unaniuliza. Binti umemuuliza?"

Tukageuka wote. Mutoni alikuwa ameshika bakuli langu la kuombea.

"Jibu ninalo," akasema. "Lakini Nasiri atakapolisikia atakuwa ameshafanya kitu. Kesho Ijumaa. Baada ya swala utasimama pale pale ulipokaa, uso umenawa, shati lako mwilini. Kila aliyekutilia kitu, utamrudishia mkononi, ukimwambia wewe ni nani. Mimi nitakuwa mbele, nasikiliza."

"Nitafanya!" nikasema. Ningekubali hata kuuruka mto Nyabarongo.

Akaliinamisha bakuli, vitu vikamwagika mkekani. Sarafu. Nusu ya mche wa sabuni. Andazi. Kitambaa chenye chumvi.

Habimana akainua kichwa.

"Kuna kitu inapiga," akasema. "Tik, tik. Kama moyo wa ndege."

Ilikuwa saa ya mkononi. Saa ya kiume, mkanda wa ngozi umelika kwenye tundu moja.

Hiyo sikuwaandikia wiki iliyopita. Niliona haya, nikatumaini nitaimaliza hadithi bila kuitaja.

Asubuhi ile, kabla ya Bi Mukashema, viatu vizito vilisimama mbele yangu. Viatu vya askari. Sauti ilikuwa changa, kama ya mtu ambaye bado mama yake anamkumbusha kula.

"Mzee, naitwa Zephaniah. Leo tunapelekwa vitani, Ruhengeri. Saa kumi lori linatoka kambini. Sina pesa. Chukua hii, uniombee nirudi kwa mama yangu."

Na mimi nilifanya nini? Nilisogeza shingo upande wa toroli ili kamera inipate vizuri. Nikamwombea kwa sauti ya puani. Nikatia mbwembwe, nikamaliza kwa kilio, kwa sababu nilijua kilio kinapendeza kwenye picha. Alinishukuru. Aliniita baba.

Nilipomaliza kuwaeleza, hakuna aliyecheka mle uani.

Bi Mukashema akaichukua saa, akaigeuza kwenye mwanga.

"Saa kumi kasorobo," akasema.

"Huyo mutoto alitoa saa yake kwa dua," akasema Habimana, akisimama na fimbo. "Dua hakupata. Nipelekeni."

"Kambini ni mbali, mzee, na wewe huwezi kukimbia."

Théoneste hakungoja. Aliinua sanduku la kamera akaliweka chini, akaibinua toroli, kabichi zote zikamwagika uani. "Panda, mzee!"

Watu wa Nyamirambo waliokuwepo siku ile bado wanasimulia. Toroli ikishuka barabarani kwa kelele, kipofu mmoja ameketi ndani yake kama sultani, ameshika pande zote mbili. Msomi wa Ubelgiji mpini wa kulia. Mimi mpini wa kushoto, ndevu nusu, uso mwekundu kwa mawese, matambara yangu yenye pindo yakipepea. Mutoni mbele akipiga kelele, "Pisheni! Pisheni!" Na Bi Mukashema nyuma, viatu mkononi, bangili zikilia, akicheka na kuomba kwa wakati mmoja.

"Wenye kupe hao!" mtu alisema. Watu wakapisha haraka.

"Taratibu kwa kona!" akalia Habimana. "Mimi iko na wari tumboni!"

Hakula hata tonge, lakini hapakuwa na wakati wa kubishana.

Tulipofika kwenye barabara ya kambi, mapafu yangu yalikuwa yanawaka. Lango lilikuwa wazi. Lori la kwanza lilikuwa limeshatoka, na vumbi lake lilikuwa hewani. La pili lilikuwa linatoka taratibu, vijana wamesimama nyuma wamebanana, kofia zilezile, nguo zilezile, nyuso zote zikitazama mji.

Nikainua saa juu. Hapo nikakumbuka. Asubuhi ile macho yangu yalikuwa yamefungwa. Zephaniah sikumwona. Nilimsikia tu, na sasa injini zilikuwa zinanguruma kiasi kwamba sikusikia hata pumzi yangu.

Mutoni akanigeukia. "Ni yupi?"

Nikaipunga saa juu ya kichwa.

Habimana akajishikilia begani mwangu, akasimama wima ndani ya toroli, akajaza kifua hewa.

"Zephaniah!"

Nyuma ya lori la pili, vijana wawili wakageuka kuitika jina hilo, na wote wawili wakanyoosha mikono kuelekea saa.